Ile Ndege Ilikuwa Dume

Hapana. Nyamaza kwanza, minye niseme. Usiniambie tena ati aliiba. Weye haukukuwa pale. Minye nilikuwa pale, nilikaa chini ku simenti karibu na magoti yake, nilisikia kila neno. Rafiki yangu alishinda ile foto. Alishinda mu haki, mbele ya bantu, jua ya mchana inatuwakia bote ku kichwa. Balisema jike, na ile ndege ilikuwa dume. Kama inakuuma kusikia, ikuume. Minye inaniuma kila siku, na hakuna mutu anayeniulizaka kama nililala.

Maneno yenu ninayayua. Ninayasikiaka ku robinet, ninayasikiaka ku mulango wa kanisa bantu bakitoka kuimba: "Ah, ule binti wa mupiga-foto? Papa yake alikuwa anamunongoneza ku sikio." Banasema vile na banachekaka, kisha banabeba ndoo yabo banaenda. Hakuna ata moya anaulizaka muchezo yenyewe ulikuwa namna gani. Basi leo nitaeleza. Nitaeleza polepole, ata kama minye na polepole hatupatanake.

Papa yake alikuwa na studio mu barabara yenye inashuka ku soko. Ilikuwa chumba moya tu mbele ya nyumba yabo, pazia nyeusi nyuma, na kiti moya cha kukalisha bantu. Alikuwa anapigaka foto ya karte ya kitambulisho, foto ya ndoa, foto ya maiti kama familia inaomba. Hiyo ilikuwa kazi. Ugonjwa yake ilikuwa ndege. Kila pelikula ikibakia na nafasi tatu ao ine, hakukubali kuzimaliza ku bantu. Alikuwa anapanda kinga, baisikeli yake, anaenda Buluo kule karibu na mito, ao anatafuta nafasi mu kamyo mpaka Mwadingusha ku mayi mingi, anamaliza pelikula yake na ndege. Njo bantu balikuwa bananung'unika. Mama moya atakuya na kilemba yake imefungwa sawa ya vita: "Papa, foto yangu ya karte iko wapi? Wiki mbili!" Na yeye, na ile sauti yake ya chini: "Mama, vumilia. Foto yako iko mu pelikula, iko nyuma ya kanga mbili za pori. Kanga ya tatu bado haijafika." Mama anakasirika, kisha anacheka bila kutaka, anakaa.

Na foto yetu yote ilikuwa nyeusi na nyeupe. Foto ya rangi ilikuwa inatumwa Lubumbashi, inaweza kurudia ao isirudie. Ya nyeusi na nyeupe alikuwa anaioshaka yeye mwenyewe nyuma ya ile pazia. Kwa hiyo sisi tuliyua ndege bila rangi. Usituambie "ile ya bluu," usituambie "ile ya kifua nyekundu." Bluu gani? Kwetu bluu na nyekundu bilikuwa kintu moya, kijivu. Ilipasha uangalie mudomo, muguu, namna mukia unakatika, namna ndege inashikaka tawi. Ndiyo sababu tulikuwa bakali. Mutu mwenye kuangalia rangi ni muvivu.

Siku ya Mungu, kanisa ikiisha, batoto ba karibu tulikuwa tunakutana ku barza ya ile studio. Kulikuwa karton ya sukari, katikati yake kidirisha kidogo, sawa ukucha wa kidole kikubwa. Kijana moya mukubwa kuliko sisi, mwenye alikuwa anaongozaka kwaya, njo alikuwa anashikaka karton. Anatia foto chini, anatusogezea kile kidirisha ku kipande kimoya tu, labda jicho, labda ncha ya bawa. Kisha anauliza na sauti yake ya kwaya: "Ni nani?"

Utaje. Utaje mu luga yoyote yenye mama yako alikupatia: Kiswahili, Kisanga, Kibemba, Tshiluba, ata Français ya mu dictionnaire. Hakuna mutu alikuwa anakataa luga ya mwenzake. Lakini kutaja peke yake ilikuwa sawa hewa. Ukisha kutaja, bote tunapiga makelele: "Témoignage! Témoignage!" Sawa ku kanisa, wakati mutu anasimama anasema mambo yenye Mungu alimufanyia. Ilikupasha useme ile ndege uliionaka wapi, na macho yako mwenyewe, na ilikuwa inafanya nini. Kama haukuiona, hauna kitu. Umesoma tu. Kaa chini. Na mwenye kushinda alikuwa anabeba foto ku nyumba yao wiki muzima, anaitundika ku ukuta, bageni banaiona.

Minye ile sheria ilinichapa mbele ya bote. Nilikuwa nimetoka ku masomo, sababu balimu balikuwa habalipwe na milango ilifungwa, na nilikuwa nimejifundisha peke yangu mu dictionnaire moya yenye haina kifuniko. Nilikuwa najisifu sana. Siku moya kidirisha kikaonyesha bawa refu, kali sawa kisu, na chini yake kipande ya waya. Minye mbio: "Martinet!" Rafiki yangu akaangalia ile foto, akaniangalia minye.

"Iko imekaa ku nini?"

"Ku waya."

"Martinet inakalaka ku waya? Na miguu ya nani? Ulimukopesha yako?"

Barza yote ikalala chini na kicheko. Ilikuwa hirondelle tu, mbayuwayu, ile yenye inajengaka na matope chini ya mabati. Martinet miguu yake ni mifupi, haiwezi kusimama ku waya, inashikaka ku ukuta tu. Dictionnaire yangu haikuniambia. Yeye alikuwa ameona. Nilikasirika, nikanuna mpaka mangaribi, kisha nikaenda kwabo kula bukari, ugali yetu, kama kawaida. Sisi tulikuwa vile. Tulizaliwa mu maternité moya, mama yake na mama yangu balilala kitanda karibu na kitanda. Mutu akimutukana yeye, minye njo napigana. Yeye hakuyua kupigana, alikuwa anakunja tu mudomo.

Sasa sikiliza hii, na usiisahau. Siku ingine karton ilionyesha macho mbili, makubwa, mazito. Ule kijana wa kwaya hakushika karton siku ile, alimupa mwingine, sababu alitaka kucheza. Akasema: "Bundi. Mutoto wa bundi." Tukapiga makelele: "Témoignage!" Akasimama, akatengeneza shati yake. "Ile bundi iko mu paa ya nkambo yangu, mama ya papa yangu, kule Kambove. Papa mupiga-foto alikuya kuipiga foto. Minye njo nilimushikia ngazi." Basi. Alikuwa pale. Alishika ngazi! Aliyua ile foto kabla hata haijaoshwa! Na sisi tulifanya nini? Tulipiga mikono. Tulisema, eh, hiyo njo témoignage. Alibeba foto, nkambo yake alilia na furaha. Hakuna ata mutu moya alisema "wizi." Hakuna!

Kisha mambo yakaharibika, na munayua bote namna gani, kwa hiyo usijifanye mugeni. Kompanyi ya shaba ikaanguka. Papa yangu, mwenye alikuwa anatoka kila asubui na kofia yake ngumu, akaanza kukaa mu kiti ku mulango, mikono ku magoti, anaangalia barabara. Unga wa kompanyi ukakatika. Baaskari bakapasula maduka, na nyuma yabo bantu ba kawaida, bantu ba kusali, bakabeba mabati, bakabeba mpaka milango. Ku studio dawa ya kuosha foto haikukuya tena. Papa ya rafiki yangu alikuwa anaongeza mayi mu fixateur, ile dawa ya mwisho yenye inashikishaka foto ku karatasi. Leo kikombe moya, kesho mbili. Foto zikaanza kugeuka rangi ya chai. Zingine mistari midogo inapotea, sawa imekulwa na mende. Mabibi banakuya kulalamika: "Papa, pua yangu iko wapi?" Yeye anasema: "Mama, pua yako iko ku negatif. Haikupotea. Karatasi njo imechoka."

Kisha yakaanza yale maneno ingine. Mbele ku radio, kisha mu mikutano, kisha mu midomo ya bantu yenye tulikuwa tunakula nabo. Ati Bakasai, bantu ba asili ya Kasai sawa familia ya rafiki yangu, barudie kwabo. Kwabo wapi? Nkambo ya rafiki yangu, papa ya papa yake, aliletwa na treni kuchimba shaba, bazungu njo balimuleta, hakukuya kuiba. Papa yake alizaliwa hapa Likasi. Yeye alizaliwa Likasi. Kasai alikuwa anaiyua ku ramani ya masomo, sawa vile minye niliyua Amerika. Lakini balianza kubaita bilulu. Bilulu, badudu! Batoto ba miaka sita balikuwa banaimba ile neno mu barabara, banaruka kamba nayo.

Minye papa yangu ni wa Kambove, mama ni wa huku ku Lufira. Hakuna mutu aliweza kuniambia kitu. Basi nilisema kwa ajili yake. Nilisema ku soko, nilisema ku robinet, nilitukana bantu bakubwa mpaka mama yangu akanifungia mu nyumba siku mbili. "Mudomo yako itatuchomea paa," akasema. Nikamujibu: "Paa ichomeke." Akanipiga kofi. Sawa. Nilitoka ku dirisha.

Ku barza tulianza kuwa bachache. Ule kijana wa kwaya alikuwa bado anakuya, lakini alianza kuleta marafiki bake bapya, vijana ba mikutano, bakikaa na mikono imekunjwa. Habakuyua ndege ata moya. Kuku tu. Siku ya mwisho, kabla ya kuanza, akasema: "Leo tunataja mu luga ya hapa tu." Tukaangaliana. Minye nikasema: "Tangu lini?" Alichukua foto moya yenye ilikuwa imegeuka chai kabisa, akatia karton, akasogeza kidirisha ku kifua ya ndege.

"Ni nani?"

Minye nilishaiona kabla hajafikisha, nikataja mu Français makusudi: "Martin-pêcheur. Ile nyeusi na nyeupe, yenye inavuaka samaki, yenye inasimamaka mu hewa juu ya mayi sawa mutu ameitundika."

"Ile ata mutoto anaiyua. Dume ao jike?"

Sasa nikueleze. Ile ndege, dume iko na mikanda mbili nyeusi ku kifua: mukubwa juu, mwembamba chini. Jike iko na moya tu. Na mu kidirisha kulikuwa mukanda moya. Moya! Bote tuliona. Bale vijana bakasema: "Jike." Mutoto wa jirani akasema: "Jike." Minye, nitakuambia ukweli, nilikuwa nimefungua mudomo kusema jike.

Rafiki yangu alikuwa anaangalia. Aliangalia muda murefu, kichwa imeinama, sawa vile alikuwa anafanyaka akichagua muchele. Akasema: "Dume."

Bakacheka. Mwenye karton akasema: "Mikanda ngapi, mudogo?"

"Inaonekana moya."

"Basi?"

"Ya chini ni kamustari kembamba, dawa imekakula. Lakini angalia hii ya juu, yaya mukubwa. Inapita kifua yote, haikatike. Ya jike inakatikaka hapa katikati, sawa shati yenye haina kifungo. Hii imefungwa. Ni dume."

Eh! Minye nilisimama. Nilipiga mikono peke yangu sawa mwenda wazimu. Alikuwa ameisoma! Ile foto ya chai, foto yenye imekufa, aliisoma! Mutoto wa jirani akasema polepole: "Kweli, haikatike." Kisha, na ile kawaida yetu, akasema: "Témoignage."

Na yeye akatoa. Akasema ilikuwa Mwadingusha, siku papa yake alimubeba. Ndege mbili zilikuwa ku muti wa kukauka. Moya ikaenda ku mayi, ikarudia na kasamaki, ikakapigapiga ku tawi mpaka kakanyamaza, kisha ikakageuza, kichwa mbele, ili kapite muzuri ku koo, ikakapatia mwenzake. "Ile yenye ilipatia, njo hii," akasema. "Jike ilikuwa inangojea tu, inafungua mudomo." Akacheka kidogo. Njo mara ya mwisho nilimuona anacheka, na nilikuwa siyui.

Kijana wa kwaya akashusha karton.

"Kumbe ulikuwa pale."

"Njo, nilikuwa pale."

"Basi uliyua mbele. Huo ni wizi."

Nikaruka katikati. "Wizi? Na bundi ya nkambo yako? Nani alishika ngazi? Mukono ya nani ilikuwa ku ngazi, sema!"

"Ile ni ingine."

"Ingine namna gani?"

Akaniangalia, si kwa hasira. Kama angekuwa na hasira ningemusamehe. Aliniangalia sawa mutu anaelezea mutoto. "Minye niko wa hapa," akasema. "Mugeni hawezi kutoa témoignage ya ndege ya hapa."

Moya kati ya bale vijana, mikono yake bado imekunjwa, akasema: "Ndege ya hapa inakulaka bilulu." Na bakacheka. Mutoto wa jirani, mwenye alisema kweli haikatike, na yeye alicheka. Nilimuona. Mpaka leo nikimupita mu barabara simusalimie, na anayua sababu.

Papa ya rafiki yangu alikuwa amesikia yote nyuma ya pazia. Akatoka, mikono yake iko ya mayi, ameshika negatif. Hakugombana. Akaiinua mbele ya jua, akamuambia ule kijana wa kwaya: "Baba, kuya uangalie." Minye nilienda. Ku negatif nyeusi inakuwaka nyeupe, na pale ku kifua kulikuwa mistari mbili nyeupe. Mukubwa na mwembamba. Mbili! Safi, sawa mutu ameichora asubui ile. Batoto babili bakaangalia, bakarudia ku nafasi yabo na macho chini.

"Angalia," papa akasema tena.

Kijana wa kwaya hakuenda. Alikuwa hatua tatu tu. Akasema: "Hiyo negatif ni ya kwako, papa. Na mutoto ni wa kwako."

"Tia jicho!" nikapiga makelele. "Tia jicho tu! Jicho yako haitakatwa!"

Hakutia. Sikia vizuri, hiyo njo kintu yenye inanichoma kuliko matusi. Bilulu ni neno ya bajinga. Lakini ule kijana alikuwa anapenda ndege, alitufundisha tofauti ya tai na mwewe, na ukweli ulikuwa umeinuliwa mbele ya jua, na akageuza shingo yake. Nilimunyang'anya karton, nikaipasula vipande mbele ya pua yake, nikamutupia ku kifua ku shati yake ya kanisa. Nikamuita majina yenye siwezi kutia hapa. Akatoka na bantu bake. Rafiki yangu alirudisha ile foto ku meza. Nikamuambia: "Ni yako, itundike, umeshinda." Akasema: "Wacha ikae."

Kutoka siku ile mawe yakaanza kuanguka ku mabati yabo mchana kweupe. Kisha vijana bakapita nyumba ku nyumba, banaita familia na majina, banasema mutoke. Bakatoka. Bantu mingi, mingi sana, bakaenda kukaa ku gare kungojea treni yenye bado haikuya. Unayua gare ile. Balilala inje, chini ya mabashi, maturubai, chini ya meza, chini ya kitu chochote, mvua inabanyeshea, batoto banakohoa, mashimo ya choo yanajaa. Siku zikapita, juma zikapita. Na muji yetu, muji ya makanisa mingi namna hii, ilikuwa inapita pembeni inafunika pua.

Minye nilikuwa naenda. Mama yangu alikuwa anaogopa, lakini njo yeye alikuwa anapika, bukari na sombe, majani ya muhogo, anafunga mu kitambaa, ananiambia: "Enda na kichwa chini." Papa yangu alisema kintu kimoya tu, kutoka mu kiti yake: "Mwache aende. Ule mupiga-foto alitupiga foto ya maiti ya mama yangu." Nilikuwa naenda kichwa juu. Mutu akiniangalia nilikuwa nauliza: "Unataka nini? Unataka bukari? Kaa na bo, utapata."

Mwewe zilikuwa nyingi juu ya gare, sababu ya takataka na moshi. Siku moya nilitaka kumufurahisha, nikaonyesha moya yenye ilishuka karibu. "Ni nani?" nikamuuliza. Rafiki yangu alikuwa amekonda, kanga imefungwa mara mbili ku kiuno. Hakuinua macho. "Usiniulize tena," akasema. "Balisema siyui."

Na ule kijana wa kwaya, yeye akakuya. Njo, alikuya ku gare! Shati ya pasi. Akasalimia na mikono mbili, akainama kidogo mbele ya mupiga-foto, sawa mutoto mwenye adabu. "Papa, uniachie ufunguo," akasema. "Nitakuchungia nyumba. Bengine batabunja mulango, ni afazali mutu yenye munamuyua." Na sauti ilikuwa muzuri. Karibu umushukuru.

Mupiga-foto akaangalia bibi yake. Bibi yake akaangalia upande ingine. Akatia mukono mu mufuko. Hapo rafiki yangu, mwenye alikuwa amekaa ku mabegi, akasimama.

"Yaya, kabla ubebe ufunguo, unijibu. Ilikuwa dume ao jike?"

Akacheka kidogo. "Mudogo, ile ni mambo ya batoto."

"Nyumba utabeba. Kiti utabeba, kamera balishabeba. Minye siombi ile. Naomba unisemee hapa mbele ya papa yangu. Neno moya. Dume ao jike?"

Bantu ba karibu bakageuka. Mama moya akaacha kupepea moto. Minye nilikuwa nashika kitambaa ya bukari na mikono mbili, nilikuwa naomba Mungu kweli, nikasema moyoni, Baba, ufungue mudomo ya huyu, neno moya tu, rafiki yangu haombi unga, haombi pesa. Ule kijana akaangalia viatu yake. Aliyua. Nakuapia, aliyua sawa vile anayua jina ya mama yake. Kifua yake ikapanda, ikashuka.

"Jike," akasema.

Rafiki yangu akakaa tena ku mabegi. Papa yake akatoa ufunguo, akamupatia. Afanye nini? Na treni ikakuya siku yake, ya mizigo, bakapakiwa sawa mizigo. Mingi balikufa mu njia, hiyo munayua pia. Yeye sina habari yake. Sina ata moya. Nikimuona mutu ametoka kule ninauliza, ananiambia Kasai ni kubwa.

Leo ule kijana wa kwaya ni bwana, ameoa. Analala mu ile nyumba, batoto bake banazaliwa mule. Pazia nyeusi alikata, akafanya nguo. Foto za ndege ziko ku ukuta ya salon yake, na mugeni akiuliza, anasema ni zake. Akifika ku ile ya chai anasema: "Hii ni jike. Kulikuwa binti moya wa Kasai alitaka kutudanganya, ati dume." Na njo pale yanatokaka yale maneno yenu ya ku robinet.

Zamani nilikuwa najiuliza: mutu mwenye kubeba nyumba muzima, anashindwa namna gani kutoa neno moya? Mwizi wa kawaida anachekaka na wewe ukimupata. Sasa ninayua. Akisema dume, basi ule binti alikuwa anayua ndege ya hapa kuliko yeye. Kama aliyua, alikuwa wa hapa. Kama alikuwa wa hapa, ile nyumba ni yake mpaka leo, na ule bwana ni mwizi mwenye kulala mu kitanda ya bantu. Kwa hiyo ndege lazima ikuwe jike. Kila siku ya Mungu, mbele ya kila mugeni, lazima ikuwe jike, ao paa itamuangukia.

Ilikuwa dume. Mikanda mbili. Nitasema ku robinet, nitasema ku mulango ya kanisa, nitasema siku ya maziko yake kama nitakuwa muzima, na munipige.

Na weye mwenye unasema ati aliiba, weye mwenye ulinyamaza: mu nyumba yenye uko unalala leo, nani alikuwa anakaa kabla yako?